Zana za kulipia za maneno ya utafutaji: lipa mwezi mmoja, chimba, ondoka

Nianze na hukumu, maana anayesoma mapitio ya namna hii mara nyingi ameshatoa kadi ya benki mfukoni na hana subira. Kama tovuti yako bado changa, ina kurasa chache na hakuna anayekula kwa hiyo, usilipie zana ya kutafuta maneno, yaani ile inayokuonyesha watu huandika maneno gani kwenye Google na mara ngapi. Kama ina kurasa za kutosha na kuna washindani unaotaka kuwachungulia, lipa mwezi mmoja, fanya kazi kama mtu anayefukuzwa, pakua kila kinachopakulika, kisha ufute usajili. Malipo ya mwaka waachie mawakala wenye wateja wengi.

Mimi naendesha tovuti inayowafundisha watu kutengeneza cherehani zao wenyewe: uzi unaokatika, mshono unaoruka, meno yasiyosukuma kitambaa, ndoano inayochelewa kuudaka uzi wa juu. Nauza miongozo michache ya kupakua, na matangazo yanaongeza kidogo. Nimetumia Ahrefs na Semrush kwa vipindi tofauti, pamoja na zana ndogo ndogo za bei nafuu, kila mara kwa fedha yangu. Hakuna kiungo cha kamisheni popote katika maandishi haya. Naitaja hiyo mapema kwa sababu mapitio mengi ya zana hizi huandikwa na watu wanaolipwa kila msomaji anapobofya na kununua. Sijawahi kuona mapitio ya aina hiyo yakifikia uamuzi kwamba usinunue.

Bei kwanza. Kufikia 2025, kifurushi cha Ahrefs kiitwacho Lite kilikuwa dola 129 kwa mwezi, na Pro ya Semrush dola 139.95. Ahrefs wana kingine cha dola 29, Starter, ila kimebanwa sana; unaonja, hushibi. Ukilipa mwaka kwa mkupuo unapunguziwa, lakini hata hivyo unazungumzia zaidi ya dola elfu moja. Kwa tovuti inayoingiza fedha ya vocha, hiyo ni bei ya kukata maini. Kwa kampuni inayowatoza wateja wake kila mwezi, ni gharama ndogo sana ukilinganisha na mshahara wa mtu mmoja. Kwa hiyo swali la kama bei ni kubwa halijibiki mpaka ujue unanunua nini hasa.

Watu wengi wanadhani wananunua idadi: neno hili linatafutwa mara ngapi kwa mwezi. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Chanzo cha idadi hizo, kwa sehemu kubwa, ni Google Ads. Tangu 2013 kuna Keyword Planner, ambayo Google iliitengeneza kwa ajili ya wanunuzi wa matangazo, na mwenye akaunti ya matangazo anaiingia bure. Tangu 2016, asiyetumia fedha ya maana kwenye matangazo anaonyeshwa mafungu mapana tu: 100 hadi 1,000, au 1,000 hadi 10,000. Mtu akiliona fungu kama hilo anakasirika, anakimbilia zana ya kulipia ili apate namba kamili. Haya, sasa fungua ripoti ya zana hiyo na uzitazame hizo namba kamili kwa utulivu. Katika zana nyingi utakutana na 2,400. Halafu 2,900. Halafu 3,600, 4,400, 5,400, 6,600, 8,100. Shuka chini ya orodha uone 390, 480, 590, 720, 880. Baada ya muda unazizoea kama sura za majirani. Ni vipandio vya ngazi ya Google yenyewe, kila kimoja kikizidi kilichotangulia kwa takribani sehemu moja ya tano. Neno lililoruka kutoka 2,900 hadi 3,600 huenda limeongezewa watu wachache tu waliovusha mpaka wa kipandio, lakini kwenye grafu linaonekana limepaa, na mtu mwenye haraka anaandikia makala.

Isitoshe, namba hiyo ni wastani wa miezi 12. Maneno ya msimu, kwa mfano ya kushona sare kabla ya shule kufunguliwa, hupata wastani usiofanana na mwezi wowote halisi. Tena Keyword Planner huyafunga pamoja maneno yanayokaribiana: umoja na wingi, tahajia sahihi na tahajia iliyokosewa. Unaweza kuona maneno matano, kila moja na 1,900, ukafurahi kwamba umepata karibu 10,000. Huenda ni wale wale 1,900 waliohesabiwa mara tano.

Zana za kulipia zinalijua tatizo hilo, na hapa wanastahili sifa: zile kubwa hujaribu kuyatenganisha maneno hayo kwa kutumia data ya mibofyo, yaani kumbukumbu za kile watu wanachokifanya ndani ya vivinjari vyao. Data hiyo hutoka wapi? Hutoka kwa watu waliosakinisha programu au viendelezi vya kivinjari wakakubali, kwa kujua au kwa kutosoma masharti, kwamba mienendo yao ikusanywe. Kisa mashuhuri ni cha Jumpshot, kampuni tanzu ya Avast, hao hao watengenezaji wa programu ya kuzuia virusi. Jumpshot ilikuwa ikiuza data ya mibofyo ya watumiaji wa Avast, na baadhi ya watu wa sekta hii ya utafutaji walikuwa wateja wake. Uchunguzi wa wanahabari ulipoyaanika mambo, Avast ikaifunga Januari 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Kisima kimoja kikubwa kikakauka ghafla, waliokuwa wakikitegemea wakatafuta vingine. Nalisema hili kwa sababu namba unayoiona imechorwa vizuri ndani ya dashibodi, na mtu huamini kilichochorwa vizuri. Nyuma yake kuna sampuli ya watu, hesabu ya makisio, na kisima kinachoweza kukauka.

Ndiyo maana ukiuliza zana tatu kuhusu neno lile lile utapata majibu matatu. Sioni sababu ya kuwaita waongo. Wanakisia kwa njia tofauti. Kwa neno kubwa, makisio yanasaidia kulinganisha: hili ni kubwa kuliko lile, basi. Kwa neno dogo, yanapotosha kabisa, na tovuti ndogo huishi kwa maneno madogo.

Nitoe mfano wa kazini kwangu. Kuna sindano za mfumo wa DBx1, zenye shina la mviringo, ambazo hutumika kwenye cherehani za viwandani. Na kuna HAx1, zenye shina lililosawazishwa upande mmoja, ambazo ni za cherehani za nyumbani. Anayenunua pakiti isiyo yake anahangaika: sindano haikai, au inakaa lakini mshono unaruka. Nilipoandika kuhusu tofauti hiyo, zana ya kulipia niliyokuwa nayo wakati huo ilinionyesha sifuri. Hakuna anayelitafuta neno hilo, ilisema. Niliandika kwa sababu swali lilikuwa likinijia kwa barua pepe tena na tena. Ukurasa huo ni miongoni mwa kurasa zangu zinazosomwa zaidi, na wanaoufikia huja kwa njia chungu nzima: mmoja ameandika namba za sindano zikiwa zimeungana, mwingine ameweka nafasi, mwingine ameelezea tu kwamba sindano yake mpya haiingii. Kila namna ya kuuliza peke yake ni ndogo mno kuonekana kwenye zana. Google imekuwa ikisema kwa miaka kwamba takribani asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku ni wa maneno ambayo haijawahi kuyaona. Hakuna hifadhi ya data inayoweza kukuuzia maneno ambayo hayajaandikwa bado.

Hali ni mbaya zaidi kwa anayeandika katika lugha yenye watafutaji wachache. Hifadhi za zana hizi ni nene kwa Kiingereza, halafu zinapungua kadiri unavyosogea mbali nacho. Ukiandika kwa lugha hizo na ukaona orodha ya maneno 30 yenye sifuri sifuri, usidhani umma umenyamaza.

Alama ya ugumu sasa. Kila zana hukupa namba ya 0 hadi 100 inayodai kukuambia ni vigumu kiasi gani kufika ukurasa wa kwanza kwa neno fulani. Ahrefs huhesabu kwa kuangalia ni tovuti ngapi zinaelekeza viungo kwenye kurasa 10 za juu. Moz, zana nyingine ya aina hii, hutumia vipimo vyake vya nguvu ya ukurasa na ya domeni. Semrush huchanganya mambo mengi zaidi. Kwa hiyo 35 ya huyu haifanani na 35 ya yule, na aliyezoea moja akihamia nyingine anapotea. Pia, alama inayotegemea viungo haijui kama kurasa zile 10 zinalijibu swali. Nimeona maneno yenye alama ya juu ambapo kurasa zote za juu ni za maduka ya mtandaoni na hakuna hata mmoja anayemweleza mtu afanyeje; ukurasa wa maelezo uliingia bila kelele. Nimeona pia alama za chini kabisa ambapo nafasi zote zimeshikwa na video, na maandishi hayana mlango. Njia ninayoiamini ni kuandika neno lenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia na kuyasoma matokeo kwa macho yangu. Ni bure na huchukua dakika chache. Zana hukupa alama ili usifanye hivyo, na kwangu hiyo ni hasara.

Mpaka hapa utadhani nazichukia. La. Kuna kazi mbili ambazo zana za kulipia huzifanya vizuri kiasi kwamba sijapata mbadala wa bure, na hizo ndizo nimezilipia kwa moyo mweupe.

Kazi ya kwanza ni kuchungulia kwa mwenzako. Unaweka domeni ya mshindani, zana inakutolea maneno yote ambayo tovuti hiyo inaonekana kwayo, ukurasa kwa ukurasa, na makisio ya wageni wanaoingia. Makisio yenyewe siyaamini sana, lakini mpangilio wake unasema mengi. Nilipofanya hivyo kwa tovuti kubwa ya mambo ya ushonaji, nilitarajia kuona makala zao ndefu za mbinu zikiwa juu. Zilizokuwa juu ni jedwali la saizi za sindano na vitambaa, ukurasa wa kukokotoa mita za kitambaa, na orodha ya aina za bobini zenye picha. Vitu vya kutazama haraka katikati ya kazi, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kitambaa. Sikuwa na hata kimoja. Nisingeyajua hayo kwa kuangalia tovuti yao, kwa sababu kwenye ukurasa wao wa mbele kurasa hizo hazionekani kabisa. Zimefichwa chini huko, wao wenyewe hawazitangazi. Kipengele kinacholinganisha tovuti yako na za wengine watatu au wanne na kukuonyesha wanachokipata wao na wewe hukipati, kwangu ndicho chenye thamani ya bei. Ripoti nyingine zote ningeweza kuziacha.

Katika uchunguzi huo huo niligundua kuwa watafutaji huanza na namba ya modeli kabla ya kutaja ugonjwa. Mimi nilikuwa nimepanga kurasa kwa ugonjwa: uzi kukatika, mshono kuruka. Wao huandika jina la kampuni, namba ya mashine, halafu neno moja la tatizo. Jambo hilo lilibadilisha mpangilio wa tovuti nzima, na lingeweza kunichukua muda mrefu sana kulibaini kwa njia nyingine.

Kazi ya pili ni kupanga maneno kwa makundi. Una orodha ya maneno mia kadhaa. Yapi ni ukurasa mmoja na yapi yanahitaji kurasa zao? Zana nzuri hulinganisha matokeo ya Google: kama maneno mawili yanaleta kurasa zile zile juu, basi Google inayaona kuwa swali moja, na hakuna haja ya makala mbili. Ukifanya kwa mkono unaweza, lakini kwa maneno mia kadhaa macho yatachoka. Hapo nililipa ili kuokoa muda, na niliuokoa. Makala kadhaa nilizokuwa nimezipanga zilifutwa kabla hazijaandikwa kwa sababu zilikuwa moja iliyovaa nguo tofauti.

Kuhusu kufuatilia nafasi za maneno yako kila siku, sitasema mengi. Ni kipengele kinachokufanya ufungue dashibodi kila asubuhi bila kufanya uamuzi wowote. Septemba 2025 Google ilizima njia ya kuomba matokeo 100 kwa mkupuo mmoja, na zana zilizokuwa zikikagua nafasi kwa njia hiyo zikajikuta zikihitaji maombi mengi zaidi kwa kazi ile ile. Gharama kama hiyo hatimaye humfikia mteja.

Turudi kwenye vya bure, maana hapa ndipo watu wanapopita mbio.

Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Kama una tovuti na hujaiunganisha, acha kusoma ukaiunganishe. Inakupa maneno halisi ambayo watu waliyaandika Google ikawaonyesha ukurasa wako: mara ngapi ulionekana, mara ngapi ulibofywa, wastani wa nafasi. Kumbukumbu zake hurudi nyuma miezi 16. Haikisii kwa sampuli ya mtu mwingine. Ni tovuti yako mwenyewe. Ina mapungufu: kwenye ukurasa wake inakuonyesha mistari 1,000 tu kwa kila ripoti, na maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana hufichwa kwa sababu za faragha. Kuhusu mistari 1,000, dawa ni kuchuja. Chagua ukurasa mmoja, kisha tazama maneno yake peke yake, na kila ukurasa utapata mistari yake. Halafu weka kichujio cha maneno yanayoanza na "jinsi", "kwa nini", "namna", "tofauti"; tangu 2021 kichujio chao hupokea hata mifumo ya herufi, kwa hiyo unaweza kuyatafuta yote kwa mkupuo.

Ninachokifanya mimi ni kutafuta maneno ambayo ukurasa wangu unaonekana mara nyingi katika nafasi ya nane hadi ya ishirini na karibu hakuna anayebofya. Hapo Google imeshaniambia kwamba inanifikiria kwa neno hilo, ila sijalijibu vya kutosha. Mara nyingi neno lenyewe halimo kabisa kwenye makala. Naongeza aya moja, picha, labda kichwa kidogo. Kazi hii imeniletea wasomaji wengi kuliko orodha yoyote niliyoinunua, na nasema hivyo nikijua nimenunua orodha.

Google Trends, iliyoanza 2006, haikupi idadi, inakupa kipimo cha 0 hadi 100 ambapo 100 ni kilele cha neno hilo katika kipindi ulichochagua. Inatosha kabisa kujua msimu, na inatosha kuamua kati ya majina mawili ya kitu kimoja. Mapendekezo yanayotokea unapoandika kwenye kisanduku cha Google ni maneno ya watu wenyewe. Andika mwanzo wa swali, kisha ongeza herufi moja moja uone yanavyobadilika. Zana kadhaa ndogo za kulipia hufanya hicho hicho tu, zinakusanya mapendekezo hayo na kukuchorea mchoro wa miale. Mchoro ni mzuri kwa kikao na mteja. Bing Webmaster Tools ina sehemu ya utafiti wa maneno, bure, ambayo watu huidharau kwa sababu ni Bing. Na Ahrefs, tangu 2020, hutoa sehemu ya zana zao bure kwa tovuti unayoimiliki: viungo vinavyoelekea kwako, makosa ya kiufundi, na maneno unayoonekana kwayo. Ukiziweka zote hizo mezani, kilichobaki cha kununua ni tovuti za wengine.

Kuhusu zana za bei ya chini kuna ahadi nyingi huko. Keywords Everywhere, kiendelezi cha kivinjari ambacho zamani kilikuwa bure, kiligeuka cha kulipia Oktoba 2019, na kwa anayetaka tu kuona idadi kando ya matokeo ya utafutaji ni njia ya bei rahisi. Lakini kwenye kundi hili nimekutana pia na zana moja, sitaitaja, iliyonipa jaribio la bure kwa sharti la kuweka kadi, kisha ikaficha kitufe cha kufuta usajili mpaka nikaandikiana na watu wao. Walijibu baada ya kukata malipo ya mwezi. Nyingine ilikuwa na data iliyopitwa na wakati kiasi kwamba ilinipendekezea tovuti zilizokwisha kufungwa kuwa ndio washindani wangu wakubwa. Bei ndogo ya kila mwezi inayoendelea kukatwa bila wewe kufungua zana ni ghali kuliko ile kubwa uliyoitumia mwezi mmoja kwa bidii. Kabla ya kulipa yoyote, tafuta kwanza ukurasa wa kufutia usajili. Ukishindwa kuupata ukiwa hujalipa, ukishalipa hautakuwa karibu zaidi.

Kuna njia nyingine ya kuzitumia hizo hizo dola 130, na sielewi kwa nini haizungumzwi sana. Zipeleke kwenye matangazo ya Google. Chagua maneno machache unayoyafikiria, yawekee ulinganifu kamili (tangazo lionekane kwa neno hilo au linalokaribiana nalo sana tu), lipa kidogo kwa siku, na uelekeze tangazo kwenye ukurasa ulioandikwa vizuri. Utaona tangazo lilionyeshwa mara ngapi kwa neno hilo, wangapi walibofya, na kama una kitu cha kuuza, wangapi walinunua. Ripoti ya maneno yaliyoandikwa imepunguzwa tangu 2020, hawakuonyeshi yote, lakini kinachobaki ni watu halisi. Nilipofanya hivyo kwa mwongozo wangu wa kusafisha na kutia mafuta, neno ambalo zana zote zililiona kubwa lilileta wabofyaji wasionunua kitu, na neno dogo la kero moja mahususi, uzi wa chini kujikunja chini ya kitambaa, lilileta wanunuzi. Hakuna alama ya ugumu inayokueleza hivyo.

Halafu kuna suala linalozifanya idadi hizi zipungue thamani kila mwaka. Hata kama neno linatafutwa mara 5,400 kweli, wangapi wanatoka kwenye ukurasa wa Google kwenda popote? Utafiti wa 2024 wa SparkToro, kampuni ya utafiti wa wasomaji wa mtandaoni, ulikuta kwamba nchini Marekani karibu asilimia 59 ya utafutaji kwenye Google uliisha bila mbofyo wowote. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Google ilianza kuweka muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo huko Marekani, kisha ikausambaza. Maswali ya jibu fupi ndiyo yanayoumia zaidi. "Bobini ya aina gani inaingia kwenye modeli fulani" ni swali ambalo sasa msomaji hupewa jibu hapo hapo. "Nimebadilisha bobini na bado inakwama" bado linaletwa kwangu, kwa sababu mtu anataka kuona picha na hatua za kufuata. Baadhi ya zana zimeongeza alama inayoonyesha kama neno lina muhtasari juu yake, na hiyo ni nyongeza ya maana. Lakini bei ya kifurushi haikushuka wakati thamani ya namba iliyokuwa kiini chake ilipopungua.

Ahrefs wenyewe wamechapisha uchunguzi unaosema zaidi ya asilimia 96 ya kurasa walizozikagua hazipati mgeni hata mmoja kutoka Google. Wao huutumia kuelezea umuhimu wa utafiti wa maneno. Mimi huusoma na kujiuliza ni ngapi kati ya kurasa hizo ziliandikwa na watu waliokuwa na orodha nzuri ya maneno mkononi, na sehemu ya jibu naijua, kwa sababu washindani wangu wengi huandika makala zile zile, kwa vichwa vile vile, kwa mpangilio ule ule. Wote wamepakua orodha moja.

Ukiamua kulipa, jiandae kabla saa haijaanza kukimbia. Andika orodha ya washindani na maswali yako kabla ya kufungua akaunti. Ni kama kukodi mashine ya overlock kwa siku moja: nguo zote ziwe zimekatwa na kupangwa kabla haijafika. Siku za kwanza pakua maneno ya kila mshindani kwenye lahajedwali, na angalia kikomo cha mistari cha kifurushi chako, maana vya chini hukukatiza katikati. Siku zinazofuata panga makundi. Usiguse ripoti ya ukaguzi wa kiufundi. Itakumezea wiki nzima ukirekebisha vitu ambavyo hakuna msomaji anayeviona. Futa usajili mapema, mara tu ukishahakikisha kwa kusoma masharti kwamba huduma itaendelea hadi mwisho wa mwezi uliolipia. Lahajedwali litaendelea kukufaa kwa muda mrefu, kwa sababu maswali ya watu kuhusu cherehani hayabadiliki kila Jumatatu. Kama fani yako ni simu mpya au habari za michezo, muda wake ni mfupi zaidi, na hapo hesabu inaweza kuegemea upande wa kulipa mfululizo.

Kati ya hizo mbili kubwa, nikilazimishwa kuchagua: Ahrefs kwa kuchungulia kurasa na viungo vya wengine, kwa sababu ripoti zake nazisoma haraka. Semrush kwa anayeendesha pia matangazo ya kulipia na kutaka kuona matangazo ya washindani. Semrush ina mambo mengi sana ndani yake, na mtu wa tovuti moja atalipia vyumba ambavyo hatavifungua mlango. Kufikia Novemba 2025 Adobe ilikuwa imetangaza kuinunua kwa takribani dola bilioni 1.9, kwa hiyo kabla ya kujifunga kwa mwaka mzima ningetazama kwanza vifurushi vitakuwaje.

Kwa sasa sina usajili wowote. Nikifungua sehemu ya mashine za overlock, nitalipa Ahrefs mwezi mmoja tena, kwa kuwa huko simfahamu mshindani hata mmoja na sijui watu wanaanzia wapi kuuliza. Sehemu ya cherehani za kawaida naiachia Search Console na barua pepe za wasomaji.